Shamba halijahama, ramani ndiyo imebadilika: kuoanisha kodineti na kata, halmashauri na mikoa, Mtwara na Lindi

#1 · Mwanzisha uzi, Mtwara

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi jioni.

Kilichonifanya niuandike ni bibi mmoja wa Nanyamba. Siku tulipobandika orodha ya wakulima waliopimiwa mashamba, alikuja ofisini kwa chama cha msingi akaomba atafutiwe jina lake. Kijana aliyekuwa mlangoni akapitisha kidole kwenye karatasi za Nanyamba, hakuliona. Akarudia kutoka juu, wapi. Bibi akafungua ncha ya khanga, akatoa kikaratasi cha namba ya mkulima kilichokunjwa mara nne, akakilaza mezani na kukinyoosha kwa kiganja. "Mwanangu, mikorosho ile aliipanda marehemu mume wangu. Mimi sijahama hata siku moja. Sasa mmenipeleka wapi?"

Tulikuwa tumempeleka Mtwara Vijijini, yeye na kijiji chake kizima. Orodha ile niliitoa mimi. Kodineti za shamba lake zilikuwa sahihi kabisa; nilizifungua mbele yake juu ya picha ya satelaiti, nukta imekaa katikati ya mikorosho, akautambua hata mti mkubwa ulio pembeni mwa njia. Kilichokosewa ni faili la mipaka. Nilikuwa nimetumia mipaka ya sensa ya 2012, na katika sensa ile Nanyamba haikuwa halmashauri. Eneo lote lile lilihesabiwa ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara.

Naona vijana wengi wa huku kusini wanashika kazi za namna hii sasa: mashamba, visima, zahanati, nguzo za umeme. Wanapewa faili lenye latitudo na longitudo, wanaambiwa "jaza kata na halmashauri". Basi niwawekee niliyojifunza, na wajuzi mnisahihishe.

Kiini cha kazi ni kidogo. Kwenye kompyuta kata ni poligoni, yaani mlolongo wa pembe unaoanza mahali na kurudi palepale. Swali ni moja: nukta yangu imo ndani ya poligoni ipi? Fikiria umesimama mahali usiku wa giza, hujui kama uko ndani ya ua wa makuti au nje. Anza kutembea kuelekea mashariki bila kupinda, na kila unapoupenya ua, hesabu. Ukihesabu mara moja, tatu au tano, ulikuwa ndani. Ukihesabu sifuri, mbili au nne, ulikuwa nje. Ua ujipinde utakavyojipinda, hesabu hiyo haikosei. Kompyuta nayo inafanya hivyo hivyo:

```
def imo_ndani(lon, lat, pete):
    ndani = False
    j = len(pete) - 1
    for i in range(len(pete)):
        xi, yi = pete[i]
        xj, yj = pete[j]
        if (yi > lat) != (yj > lat):
            kato = (xj - xi) * (lat - yi) / (yj - yi) + xi
            if lon < kato:
                ndani = not ndani
        j = i
    return ndani
```

Pete ni orodha ya pembe za mpaka, kila pembe ina longitudo na latitudo yake. Sharti la kwanza linauliza kama kipande hiki cha ua kinakatiza njia yangu ya mashariki. La pili linauliza kama kinaikatiza mbele yangu au nyuma yangu. Andikeni kwa mkono angalau mara moja kabla ya kukimbilia maktaba. Ukishaielewa hii, makosa mengine yote utayaona kwa macho. Baada ya hapo tumia maktaba ya geopandas kwenye Python, amri yake ya sjoin inayoipa kila nukta poligoni iliyomo, au PostGIS kama data iko kwenye hifadhidata. Mistari minne mitano, kazi imekwisha.

Ila mipaka yetu haikai. Mkoa wa Mtwara uliingia kwenye sensa ya 2012 ukiwa na halmashauri 7, ukaingia kwenye ya 2022 ukiwa na 9. Zilizoongezeka ni Mji wa Nanyamba na Mji wa Newala. Lindi inateleza zaidi, kwa sababu 2012 zilikuwa 6 na 2022 zikawa 6 vilevile, kwa hiyo ukihesabu tu unaona mambo sawa. Si sawa. Halmashauri iliyokuwa ikiitwa Lindi Vijijini haipo tena kwa jina hilo, kuna Mtama. Na Manispaa ya Lindi imepanuka, imechukua kata zilizokuwa za Lindi Vijijini upande wa Mchinga. Manispaa hiyo ilikuwa na watu wasiofika 80,000 mwaka 2012, na 2022 ikahesabiwa zaidi ya 170,000. Mtu asiyejua habari ya mipaka atakuandikia ripoti kwamba mji wa Lindi umekua maradufu kwa miaka 10.

Kwa hiyo kwenye kila jedwali langu sasa kuna safu tatu za ziada pembeni mwa jina la kata: faili la mipaka limetoka wapi, ni la mwaka gani, na nukta ililinganishwa tarehe ngapi. Na kodineti ghafi haziguswi kamwe. Jina la kata nalitengeneza upya wakati wowote mipaka ikibadilika. Kodineti nikiipoteza, lazima nipande pikipiki nirudi shambani.

#2 · Mdau wa Lindi

Shukrani mkuu. Nauliza: kama mkulima tayari ameandikiwa kijiji na kata kwenye fomu, kwa nini tusioanishe kwa majina tu? Mimi nina faili la watu 900 hivi, nimelinganisha majina kwenye Excel, karibu robo hawajaoana. Nifanye nini?

#3 · Mwanzisha uzi

Majina yatakuchosha. Mkuu, wewe mwenyewe uko Lindi: ukiandika Mnazi Mmoja, kompyuta itajua unazungumzia Mnazi Mmoja ya kwenu kwenye njia ya kwenda Masasi, au ya Dar es Salaam, au ya Zanzibar? Kisha kuna r na l. Kwenye faili moja nimekuta Ruponda na Luponda, mwandishi ni yuleyule, siku ni ileile. Kuna "Mtwara Mjini", "Mtwara Manispaa" na "Mtwara-Mikindani", zote ni halmashauri moja.

Na kuna jambo ambalo mafaili mengi ya mipaka yenyewe hayalitenganishi: wilaya na halmashauri. Mkoa wa Mtwara una wilaya 5, Mtwara, Tandahimba, Newala, Masasi na Nanyumbu, lakini halmashauri ni 9. Wilaya ya Mtwara peke yake ina tatu: Manispaa ya Mtwara-Mikindani, Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, na Mji wa Nanyamba. Mara nyingi safu imeandikwa "wilaya" na ndani yake zimo halmashauri. Fungua uhesabu majina yasiyojirudia. Ukipata 5 kwa Mtwara una wilaya, ukipata 9 una halmashauri za sasa, ukipata 7 una ramani ya zamani. Sekunde kumi tu, na mimi zingeniokoa.

Nyaraka za zamani zaidi zina lake: Lindi ilimegwa kutoka Mkoa wa Mtwara mwaka 1971, hivyo ukikuta karatasi ya miaka ya 60 inasema Nachingwea, Mkoa wa Mtwara, usiisahihishe. Iko sawa kwa mwaka wake.

Majina yabakize kama shahidi wa pili. Shahidi wa kwanza awe nukta.

#4 · Mdau wa Masasi

Mimi yangu ni tofauti. Nimeweka nukta zangu kwenye QGIS (programu ya ramani), zote zimekwenda baharini, magharibi ya Ureno. Nimefuta nimerudia mara tatu. Data imepigwa Masasi na Nanyumbu tu. Naombeni msaada, kazi inatakiwa Ijumaa.

#5 · Mwanzisha uzi

Usihangaike kaka, hilo linatibika kwa dakika moja. Umegeuza latitudo na longitudo. Huku kwetu latitudo ni hasi 10 na kitu, longitudo ni 38 hadi 40. Ukizibadilishana unapata digrii 40 kaskazini na 10 magharibi, na hapo ni Atlantiki, ng'ambo ya pwani ya Ureno. Kinywani tunasema latitudo kwanza, lakini faili la ramani la GeoJSON, kwa mujibu wa kanuni zake za 2016, inataka longitudo kwanza. QGIS nayo inakuuliza X na Y: X ni longitudo, Y ni latitudo.

Ndugu yake ni alama ya kutoa. Tuko kusini ya ikweta, latitudo zetu zote ni hasi. Mtu akiandika 10.27 bila alama ya kutoa, shamba la Mtwara linaangukia Ethiopia. Na nukta zenye sifuri sifuri, simu ilipokosa satelaiti, zinaangukia Ghuba ya Guinea.

Nimejiwekea kisanduku cha kuchuja kabla ya kazi yoyote: latitudo kati ya hasi 12 na hasi 7.5, longitudo kati ya 36 na 41. Kisanduku hicho ni kipana kuliko Mtwara na Lindi kwa makusudi. Kinachobaki nje nakiangalia kimoja kimoja.

Gumu zaidi ni lile lisilotoka nje ya kisanduku. Digrii na dakika. Kifaa kimeonyesha 10°16′25″, mwandishi akaandika 10.1625. Hesabu yake sahihi ni 10 jumlisha 16 kwa 60 jumlisha 25 kwa 3,600, inakuja 10.2736. Tofauti ya hizo mbili ni kilomita 12 na zaidi, na bado nukta inaonekana ya heshima, iko mkoa uleule. Namna ya kuikamata: angalia tarakimu mbili baada ya nukta ya desimali. Kama kwenye mamia ya nukta hakuna hata moja inayozidi 59, hizo ni dakika zimevaa nguo za desimali.

#6 · Mdau wa Masasi

Zimerudi Masasi zote. Ubarikiwe sana kaka. Lakini sasa naona kitu: nukta zimejipanga mistari mistari, kama miche kwenye kitalu. Mikorosho ya watu haikai hivyo.

#7 · Mwanzisha uzi

Hapo Excel imekukatia desimali. Safu ilikuwa inaonyesha desimali mbili, na ulipohifadhi kama CSV ikaandika kile kinachoonekana. Digrii moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi, kwa hiyo desimali mbili ni hatua ya kilomita 1.1. Ndiyo mistari unayoiona. Desimali nne ni mita 11, desimali tano ni mita 1 na kidogo. Kwa shamba weka tano au sita. Rudi kwenye faili la simu lenyewe, usijaribu kurekebisha hili. Desimali iliyokatwa haifufuki.

#8 · Mpima mstaafu

Nimesoma kwa makini. Kazi nzuri vijana. Naongeza moja ambalo hamjaligusa, na nimeliona likigombanisha watu.

Ramani za karatasi za 1:50,000 za Idara ya Upimaji na Ramani, ambazo bado ziko kwenye ofisi nyingi, zimechorwa kwa datamu (msingi ambao kodineti hupimwa juu yake) ya Arc 1960, juu ya duaradufu, yaani umbo la dunia, ya Clarke 1880. Simu yako inasoma WGS 84. Namba za huku ukizipachika kule bila kubadilisha datamu, unasogea karibu mita 300. Shamba la ekari 2 ni kama mraba wa mita 90 kila upande. Kwa hiyo utakuwa umevuka mashamba ya majirani watatu na pengine mpaka wa kijiji. Na mchoro bado utaonekana mzuri, kila kitu kimesogea pamoja.

Mtwara na Lindi zote zimo katika kanda ya 37 kusini ya UTM, mfumo wa kodineti za mita, inayoanza longitudo 36 na kuishia 42. Kwenye programu zenu, ambako kila mfumo wa kodineti una namba yake ya EPSG, Arc 1960 ya kanda hiyo ina namba EPSG 21037, na WGS 84 ya kanda hiyohiyo ni EPSG 32737. Kodineti za digrii za simu ni EPSG 4326. Mkipewa namba kama 629000 na 8864000, hizo ni mita, si digrii, ni hapo mjini Mtwara. Muulizeni aliyewapa: ni Arc au ni WGS? Asipojua, chukueni alama moja iliyo wazi pande zote mbili, kona ya kanisa au njia panda ya lami, mlinganishe.

#9 · Mwanzisha uzi

Mzee, shikamoo na ahsante sana. Hili la mita 300 limenifungulia fumbo la faili moja nililoliacha tangu mwaka jana.

Vijana, kwa lugha ya geopandas: kabla ya sjoin hakikisheni mafaili yote mawili yana crs (mfumo wa kodineti) moja. Kama faili halina crs, mnaitangaza kwa set_crs. Kama linayo na mnataka nyingine, mnabadilisha kwa to_crs. Ya kwanza inaandika jina tu juu ya gunia, ya pili inamwaga na kupima upya. Wengi wanazichanganya. Na shapefile si faili moja: ukitumiwa shp, shx na dbf bila prj, aliyekutumia amekunyima kibao cha kusema ni datamu gani.

#10 · Mdau wa Kilwa

Wakuu, mimi nina nukta za wavuvi na visima. Zipatazo 40 hazipati kata yoyote. Ziko Songo Songo, Kilwa Kisiwani na ufukweni. Nimeangalia, kodineti ni sahihi, nyumba zinaonekana kabisa kwenye satelaiti. Programu inasema hakuna kitu.

#11 · Mwanzisha uzi

Hilo tunalo na sisi Msimbati. Faili lako la mipaka limelainishwa. Ili lisiwe zito, aliyelitengeneza amepunguza pembe za pwani, na ukipunguza pembe, ghuba zinanyooka, ndimi za mchanga zinakatika, na visiwa vidogo vinafutika kabisa. Zoomu mpaka Songo Songo uone kama kuna poligoni pale. Kama hakuna, tafuta faili lisilolainishwa. Kama kipo lakini pwani imekatwa, tumia sjoin_nearest, inayotafuta poligoni iliyo karibu zaidi, ukiwa umebadilisha kila kitu kwenda EPSG 32737 ili umbali uwe wa mita, na uweke kikomo. Mimi natumia mita 500. Na safu ya jibu iandike "karibu", isiandike "ndani". Atakayesoma baadaye ana haki ya kujua kwamba kata hiyo ilikisiwa.

Lakini njia hiyo msiifanye kwenye Mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji. Nasema kwa msisitizo. Upande wa bahari, kata iliyo karibu ndiyo kata yenyewe. Upande wa mto, faili lako lina kata za Tanzania tu, Msumbiji haimo. Shamba lililo ng'ambo ya mto, mita 200 kutoka ukingoni, programu italivuta liwe la Nanyumbu au la Tandahimba bila kusita, kwa sababu haijui kama kuna nchi nyingine pale. Wekeni mipaka ya Msumbiji pia kwenye faili, ndipo mtapata jibu la haki. Na mto wenyewe unahama ndani ya mchanga wake. Mstari ulio kwenye faili haufanani na maji unayoyaona ukisimama juu ya Daraja la Umoja pale Mtambaswala. Nukta za ukingoni mimi nazitoa pembeni zote, nazipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji.

#12 · Mdau wa Newala

Samahani mkuu, naomba kupinga kidogo. Haya yote ni ya nini? Muulize mkulima kata yake, ataijibu. Anaijua kuliko satelaiti.

#13 · Mwanzisha uzi

Dada, hoja yako naiheshimu, na bibi wa Nanyamba angekuunga mkono. Kata yake aliijua kuliko mimi na mashine yangu.

Ila mkulima ukimuuliza kata, anakujibu anakoishi. Shamba liko kwingine. Mimi nina watu wengi wanaolala Masasi mjini na mikorosho yao iko Nachingwea. Mtu ni wa Mkoa wa Mtwara, shamba ni la Mkoa wa Lindi. Korosho zake zinaweza kwenda kwenye chama kilicho chini ya MAMCU (chama kikuu cha ushirika cha Masasi na Mtwara) au kilicho chini ya RUNALI (cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale), kutegemea tunazungumzia nini. Njia ya Ndanda na Nyangao ni vilevile: sehemu mbili za barabara moja, moja Mtwara, nyingine Lindi. Ukihesabu mikorosho ya kugawia salfa kwa anakolala mtu, kuna kijiji kitapata mifuko mingi kuliko miti, na kingine kitaachwa ugonjwa wa ubwiriunga uingie kwenye maua.

Kwa hiyo nauliza vyote viwili. Fomu ina "unaishi kata gani" na "shamba liko kata gani", kisha programu inatoa jibu lake. Vikikubaliana, napita. Visipokubaliana, vinaingia kwenye orodha ya kufuatilia, na hapo simpi programu ushindi wala simpi mkulima, naenda kuuliza. Mara nyingi nakuta ramani ndiyo ya zamani. Mara nyingine nakuta karani alisimama barabarani akapiga nukta bila kuingia shambani.

#14 · Mdau wa Newala

Nimekuelewa. Hilo la karani kusimama barabarani nalijua sana.

#15 · Mdau wa Ruangwa

Swali la kiufundi. Nina nukta 200,000 na kata za nchi nzima. Msimbo wako wa #1 umekesha usiku mzima haujamaliza.

#16 · Mwanzisha uzi

Ule ni wa kujifunzia. Unaipima kila nukta na kila kata, pembe kwa pembe. Njia ni kwanza kuzungushia kila kata kisanduku cha mstatili, kisha kuuliza nukta iko kwenye visanduku vipi. Vinabaki viwili vitatu, ndipo unahesabu ua. Visanduku vikipangwa ndani ya visanduku vikubwa zaidi unapata muundo uitwao R-tree, alioutoa Antonin Guttman mwaka 1984. PostGIS inautumia kupitia faharasa ya GiST, geopandas inafanya yenyewe ndani ya sjoin. Kazi yako ya usiku mzima itakwisha kabla chai haijapoa.

Jambo moja la kuangalia ukimaliza: hesabu safu kabla na baada. Zikizidi, kuna nukta zimepata kata mbili. Ama poligoni zimelaliana kwa sababu zilichorwa na watu tofauti, ama nukta imekaa juu ya mstari wenyewe na umetumia sharti la intersects (kugusa). Ukitumia within (kuwa ndani), nukta ya juu ya mstari haipati kata hata moja. Hakuna iliyo bora, ila ujue umechagua ipi.

Na ninyi nyote: nukta pamoja na jina la mkulima na namba yake ya simu msizipakie kwenye tovuti za bure zinazosema "weka CSV upate ramani". Hizo ni taarifa za watu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Toa majina, bakiza namba ya kumbukumbu na kodineti, oanisha kwenye kompyuta yako, kisha rudisha majina.

#17 · Mdau wa Lindi

Nimerudi. Ile robo iliyokuwa haijaoana nimeifanya kwa nukta kama mlivyosema, kwa mipaka ya 2022. Zimebaki nukta 11 tu. Nne ziliangukia Ethiopia, nimeziwekea alama ya kutoa zikarudi nyumbani. Saba ziko karibu na Mnazi Mmoja, programu inasema Manispaa ya Lindi, wenyewe kwenye fomu wameandika Mtama.

#18 · Mwanzisha uzi

Hizo saba usizibadilishe ukiwa mezani. Print picha ya satelaiti yenye nukta na mstari wa mpaka, nenda na mwenyekiti wa kitongoji, mwonyeshe kwa kidole ulipo mstari, umwache yeye aongee kwanza.

#19 · Mdau wa Lindi

Jumamosi asubuhi nitakuwa huko. Karatasi nimeshatoa mbili, moja yangu na moja ya kumwachia.